Madabodi, Jeneza na Mama Mkwe

Mimi ni Mkuria wa Kehancha, mume wangu ni Mjaluo wa Homa Bay, na nyumbani kwetu mjini Migori tunazungumza Kiswahili kwa sababu kila mmoja alikataa kuwa wa kwanza kujifunza lugha ya mwenzake. Mambo mengi katika ndoa yetu yameamuliwa hivyo. Kompyuta nayo iliamuliwa hivyo hivyo.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Mtu akitaka kujenga huja kwangu na kiwanja chake na ndoto zake, nami nikamchorea vyumba, nikampakia ukuta rangi, nikamwekea hata maua ambayo hatawahi kuyapanda. Laptop niliyokuwa nayo ilikuwa imechoka. Nikiiamuru igeuze nyumba ili mteja aione upande wa jikoni, ilifikiri mpaka mteja akamaliza chai. Hiyo ndiyo sababu tuliyowapa watu. Sababu ya kweli ilikuwa shemeji yangu.

Shemeji, mdogo wa mume wangu, anaishi Homa Bay katika boma la mama yao. Alikuwa na kompyuta ya michezo aliyoinunua Nairobi ikiwa imeshaundwa, nyeusi, yenye kioo mbele, na kila tulipokwenda kumsalimia mama alitukalisha hapo tushindane naye mbio za magari. Alitushinda mimi na kaka yake kwa zamu, huku akitafuna njugu. Siku moja nilimwambia kwamba ningekuwa na mashine kama yake ningemwacha kwenye kona ya kwanza. Akanitazama kwa huruma.

"Shemeji," akasema, "ile laptop yenu ni ya kuandikia barua ya kuomba kazi."

Tulipofika Migori, mume wangu alizima gari, akabaki ameshika usukani.

"Tunaunda yetu," akasema.

"Na tutaipeleka kwake," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sisi wawili kukubaliana jambo bila kikao.

Makubaliano yalivunjika kesho yake, tulipoanza kuchagua madabodi. Madabodi ni ule ubao mpana ambao vitu vingine vyote vya kompyuta huchomekwa juu yake: prosesa, memori, kadi ya picha, diski, feni, kila kitu. Marafiki wenye kujua walituambia tuanze na prosesa kisha ubao ufuate. Mimi nikakataa. Nimeona nyumba nyingi zilizoanza na mabati. Nilitaka msingi kwanza, msingi wa kubeba ghorofa tutakazoongeza baadaye, na nikakaa wiki kadhaa nikisoma habari za bodi kama mtu anayechunguza ukoo wa mchumba.

Nilitaka yenye njia nyingi na nene za kugawa umeme kwa prosesa, kwa sababu mashine inapokimbiza magari hunywa umeme mwingi, na bodi dhaifu hupata joto, ikaanza kujivuta. Nilitaka vipande vizito vya chuma juu ya sehemu hizo, vya kunyonya joto. Na nilitaka kitu kimoja ambacho bodi za bei ya kawaida hazina: kioo kidogo pembeni chenye tarakimu mbili, kinachokuonyesha kasoro iko wapi mashine ikikataa kuwaka.

Mume wangu alitaka taa.

"Taa zinafanya kazi gani?" nilimwuliza.

"Zinawaka."

"Nauliza zinasaidia nini."

"Nyar Kuria," akasema. Ndivyo anavyoniita, binti wa Wakuria, hasa akitaka kunilainisha. "Mimi nauza mbegu na dawa za ng'ombe. Siku nzima naangalia magunia. Nikifika nyumbani nataka kuona taa."

Nikaongeza taa kwenye orodha. Tukaipata bodi iliyotupatanisha: nzito, nyeusi, yenye kioo changu cha tarakimu na taa zake pembezoni. Ilikuwa kubwa kuliko bodi za kawaida, na muuzaji wa Nairobi, mtu mwangalifu, alitupigia simu kabla ya kuituma. Nilikuwa na mteja. Mume wangu ndiye aliyepokea.

"Anauliza kama tuna kasha la kuitosha," aliniambia baadaye.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia sisi si watoto."

Vipande vilifika kwa basi la mizigo, siku tofauti tofauti, na cha mwisho kilikuwa bodi yenyewe. Tuliifungua mezani baada ya kunawa mikono. Ilikuwa imelala ndani ya mfuko wake wa kijivu. Niliichomoa polepole, nikaishika kwenye kingo kama wale marafiki walivyoshauri, na nakiri ilikuwa nzuri. Kisha tukaiweka juu ya kasha la chuma tulilokuwa tumeshalinunua hapa mjini. Ikaning'inia nje upana wa vidole vitatu.

Tuliigeuza. Ikaning'inia upande mwingine.

Mume wangu aliinama, akafumba jicho moja, akaangalia ukingo wa bodi kwa makini. "Hapa pembeni naona hakuna kitu cha maana," akasema. "Ni rangi tu. Tukipitisha msumeno wa chuma taratibu..."

"Umewahi kuona mtu akipunguzwa kichwa ili kofia imtoshe?"

"Basi tukate kasha."

Kasha lilikatwa, likajikunja, likatupwa. Hapo ndipo mume wangu alipomkumbuka fundi wake, seremala mmoja aliyemtengenezea rafu za duka. Alisema ni fundi msafi, mbao zake hazipindi, na vioo anavikata vizuri. Hakunieleza kwamba zile rafu zilikuwa kazi ya pembeni, na kwamba kazi yake yenyewe ni majeneza. Nililigundua hilo tulipofika karakanani kwake, kando ya barabara, na kuyaona yamesimamishwa ukutani kwa ukubwa tofauti, yaking'aa vanishi, kila moja na kidirisha cha kioo upande wa uso.

Fundi alituona na karatasi ya vipimo mkononi, akavua kofia.

"Poleni," akasema. "Ni mtoto?"

"Ni kompyuta," nikamwambia.

Akafikiri. Akaichukua karatasi, akaisoma. "Kwa hiyo hajafa mtu."

"Hakuna."

"Sawa. Na anataka kulala au kusimama?"

Nilimweleza nilichotaka: sanduku la mbao la kulaza, kioo juu, matundu ya hewa mbele na nyuma, sakafu ya kufungia skrubu za bodi. Alinisikiliza vizuri na kila kipimo alikipata sawasawa. Tatizo lilikuwa mikono yake, iliyozoea. Tulipokwenda kulichukua, sanduku lilikuwa limepanuka kidogo kwenye mabega na kuchongoka kidogo miguuni. Lilikuwa na vanishi ya rangi ya chai, kioo safi kabisa, na vipini vinne vya dhahabu ubavuni.

"Vipini sikuviomba," nilisema.

"Mtalibebaje?" akauliza.

Mume wangu alikuwa ameshashika viwili, anapima uzito. "Ni kweli," akasema. "Lina mshiko mzuri."

Tuliijenga sebuleni Jumapili mchana. Nilifunga bodi kwenye sakafu ya sanduku, nikaishusha prosesa mahali pake, nikapaka ile dawa ya kijivu inayopitisha joto, nikaweka kipoza joto juu, kisha memori, kisha kadi ya picha ambayo ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia. Mume wangu alinipa skrubu kwa heshima zote, moja moja, kama muuguzi chumbani kwa daktari. Tukawasha. Feni zikazunguka, zikasimama. Kwenye kioo changu kidogo zikatokea tarakimu.

Sijui kama nimewahi kufurahia kasoro kiasi kile. Nilifungua kitabu kilichokuja na bodi, nikatafuta zile tarakimu, nikasoma kwa sauti: memori haikukaa vizuri. Niliikandamiza mpaka ikalia kak. Tukawasha tena, na mara hii taa za mume wangu ziliwaka zote, nyekundu, zambarau, kijani, zikazunguka ndani ya lile sanduku na kumulika kupitia kidirisha cha uso mpaka darini.

Wakati huo huo jirani yetu aligonga, akaingia kuomba chumvi. Aliliangalia jeneza mezani linalotoa mwanga wa kijani na kupumua kwa feni. Akasema atarudi. Chumvi aliipata kwingine.

Jumapili iliyofuata tulilipakia nyuma ya pikapu ya duka, juu ya godoro, tukalifunga kamba. Nilitaka tulifunike turubai. Mume wangu alisema turubai la duka lina vumbi la dawa ya kupe na litaharibu bodi. Kwa hiyo tulitoka Migori mchana kweupe, polepole kwa ajili ya matuta, na jeneza dogo linang'aa nyuma.

Hadi Awendo hakuna lililotokea, isipokuwa magari yalituheshimu mno. Hakuna aliyetupigia honi. Lori moja lilisogea kando kabisa likatupisha. Tulipofika Rongo na kukata kona ya Homa Bay, vijana wawili wa bodaboda waliotuona walizungumza kidogo, wakawasha pikipiki, wakapita mbele yetu, wakaanza kutusindikiza huku wakipiga honi kama wanavyosindikiza msiba. Mmoja alikuwa ameshavunja tawi na kulichomeka mbele ya taa.

"Waambie," nikasema.

"Niwaambie nini? Wana nia njema." Kisha mume wangu akanyoosha mkono, akawasha taa za dharura.

"Zima hizo."

"Tunaweza kugongwa kwa nyuma," akasema, na uso wake ulikuwa mzito kiasi kwamba nilijua anacheka.

Walitusindikiza mpaka kwenye kizuizi cha polisi, wakapunga mikono na kugeuza. Afisa aliyesimama barabarani alivua kofia, akaja dirishani kwangu, akainamisha kichwa.

"Poleni sana, mama. Naomba kuona kibali cha mazishi."

Nilimwangalia mume wangu. Mume wangu aliangalia mbele.

"Afande," nikasema, "ile ni kompyuta."

Alinitazama kama mtu anayejua kwamba majonzi humfanya mtu aseme lolote. Ikabidi nishuke. Nilipanda nyuma, nikafungua kifuniko, nikamwonyesha bodi, kadi, feni. Alichungulia muda mrefu. Alimwita mwenzake, naye akachungulia.

"Sasa imekufa?" akauliza.

"Ni nzima. Ni ya kuchezea michezo."

"Mpira?"

"Mbio za magari."

Akavaa kofia yake tena, sasa akawa afisa. "Endesheni polepole," akasema. "Na mkitoka hapa mzime hizo taa za dharura."

Nilidhani yaliyobaki yatakuwa rahisi. Nilikuwa nimesahau kwamba mama mkwe wangu hajui lolote kuhusu safari yetu, maana tulitaka kumshtukiza shemeji.

Mama mkwe ni mjane, Msabato, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwanamke asiyepandisha sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji. Alikuwa anaanua nguo tulipoingia. Aliiona pikapu, akaona kilichokuwa nyuma, nguo zikamwanguka. Alikuja taratibu mpaka kwenye gari, hakutusalimia.

"Ma en ang'o?" alimwuliza mwanawe. Hiki ni nini?

Wakazungumza kwa Kijaluo, haraka, nami nilishika neno hapa na pale. Nilielewa kwamba swali la kwanza lilikuwa nani amefariki. Jibu lilikuwa hakuna mtu. Nilidhani hilo litamtuliza, lakini uso wake ukazidi kukunjamana, na hapo akageuka kwangu na kutumia Kiswahili ili nami nipate sehemu yangu.

"Mwanangu, jeneza tupu haliletwi katika boma. Linakuja kutafuta wa kulijaza. Kwenu mnafanya hivyo?"

"Hapana, Mama. Kwetu pia hatufanyi. Si tupu, lina kitu ndani."

"Lina nini?"

Hapo mume wangu akaona afadhali asaidie. "Lina madabodi, Mama. Ndiyo kitu kikubwa humo ndani. Ndiyo tuliyoichagua kwanza, vingine vyote vimefuata."

Mama mkwe alifundisha Kiingereza miaka mingi. Nilimwona akilivunja lile neno vipande viwili kichwani: mother, board.

"Ubao wa mama," akasema.

"Ndiyo."

"Wa mama gani?"

Mume wangu akaanza kufungua kamba.

"Mimi ni mzima," mama mkwe akasema. "Jana nimeimba kanisani. Sina hata presha. Na nyinyi mmetoka Migori kuniletea sanduku, mmelipigia vanishi, mkasema ni la mama."

Shemeji alikuwa ametoka nyumbani kwake kwa mabishano hayo, na sasa alikuwa ameegemea nguzo, amejishika tumbo, machozi yanamtoka. Alimweleza mama kwa Kijaluo madabodi ni nini, akakatizwa na kicheko, akaeleza tena. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akakubali kwamba ni kompyuta. Hakukubali kwamba si jeneza. Uamuzi wake ulikuwa mfupi: haitavuka mlango wa nyumba yoyote katika boma lake. Kama tunataka kucheza, tucheze barazani.

Basi shemeji naye ikambidi alete mashine yake barazani. Tulivuta nyaya za umeme kutoka dirishani, tukaweka skrini mbili juu ya meza ya kulia, tukaketi. Jua la mchana la Homa Bay halina mzaha, na baraza ile hutazama magharibi. Mama mkwe alileta kiti chake akakaa nyuma yetu, mbali kidogo na sanduku, ili alichunge.

Mume wangu aliendesha kwanza akaishia mtaroni, akadai alikuwa anaangalia taa. Nikashika mimi. Raundi ya kwanza shemeji alinishinda, ingawa njugu alizisahau kwenye bakuli. Raundi ya pili nilimpita kwenye daraja, na gari langu lilikwenda laini kama limepakwa mafuta. Raundi ya tatu tulikuwa sambamba, bega kwa bega, mpaka picha yake ikaanza kurukaruka. Feni zake zilipiga kelele kama kinu cha posho. Kile kioo cha mbele, kilichopendeza sana, kilikuwa kimezuia hewa, na jua lilikuwa limemaliza kazi iliyobaki. Skrini yake ikawa nyeusi. Yangu ikaendelea mpaka mwisho wa mbio, peke yangu barabarani.

"Hiyo haihesabiwi," shemeji akasema. "Mashine imezima. Dereva hajashindwa."

"Inahesabiwa," nikasema.

Tukabishana mpaka mama mkwe akaguna nyuma yetu.

"Gari likizimika njiani," akasema, "abiria wanaambiwa wamefika?"

Shemeji akanipa mkono, akanipa na njugu.

Jioni mawingu yalitanda juu ya ziwa, upepo ukageuka, na mvua ilionekana wazi ikija. Baraza ile huloa yote. Niliangalia bodi yangu, nikamwangalia mama mkwe. Matone ya kwanza yalipoanguka ndipo alipomwambia mwanawe alete bisibisi. Vipini vyote vinne vikatolewa pale pale. Halafu akaamuru sanduku lipitishwe mlango wa jikoni, miguu ikielekea ndani, si nje kama maiti anavyotolewa, na likawekwa kwenye kona ya sebule. Alikwenda kabatini, akaleta kitambaa chake cha kufuma, akalifunika.

"Mama, linahitaji kupumua," nikamwambia, nikakitoa.

Nilipogeuka akakirudisha.

Mvua haikukata na kesho yake tulikuwa na kazi, kwa hiyo tuliliacha, kwa wazo kwamba tutalifuata katikati ya wiki. Katikati ya wiki mama alipiga simu kusema shemeji amemwekea nyimbo za kwaya yao kwenye ile kompyuta, na taa zinacheza zikifuata sauti, na akina mama wa kanisa wameomba kuja kusikiliza. Tuiache kwanza. Tulipofika mwisho wa juma walikuwa wamejaa sebuleni, viti vya jirani vimeletwa, na ile bodi niliyoipigania wiki kadhaa, yenye nguvu ya kuendesha karibu mchezo wowote, ilikuwa inapiga kwaya kutoka kwenye flashi. Mama alikuwa ameagiza taa zote ziwe nyeupe kwa ajili ya Sabato.

Ikabidi ramani zangu nianze kuzichorea Homa Bay, kila Jumapili, kwenye kona ya mama mkwe. Kwa miezi kadhaa nyumba za watu wa Migori zilizaliwa pale, huku yeye akinisimamia begani na kuwaongezea wateja madirisha ya jikoni. Nilijifunza Kijaluo kingi kuliko nilichojifunza katika ndoa nzima, na mume wangu mpaka leo anasema nimemsaliti kwa kuanza.

Jumapili moja nilifika mapema kuliko kawaida. Mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa amekaa wima mbele ya skrini, miwani puani, mikono yote miwili juu ya vidhibiti, anaendesha gari la mbio jekundu. Alikuwa kwenye mwendo wa mtu anayetafuta mahali pa kuegesha. Magari mengine yalimpita kwa vishindo, naye kila moja alilipisha. Nilisimama nyuma yake kitambo kabla hajanigundua.

"Mama, mbona polepole hivyo?" nikamwuliza.

Hakugeuka. "Kwani nimeambiwa nachelewa wapi?" akasema, akakata kona taratibu.

Nikavuta kiti nikangoja zamu yangu.